Kifaa Hakijui Jina Lako

Mhadhara kwa walimu, wauguzi na watunza kumbukumbu wa Ifakara, kuhusu ruhusa za folda kwenye hifadhi ya nyumbani. Umepunguzwa kidogo kwa ajili ya kuchapwa.

  Nawashukuru kwa kuwasha jenereta, maana nilikuwa nimejiandaa kusema gizani.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo likitajwa barabarani watu hucheka: kwa nini folda inakataa kufunguka. Msicheke. Mwaka huu nimeingia kwenye nyumba nyingi za mji huu kwa sababu hiyo moja, na karibu kila nyumba nimekuta mtu ameshaharibu zaidi kwa kujaribu kurekebisha. Nia yangu leo ni kuwaonyesha mpangilio wa kufikiri, ili mjue wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Sitawafanya mafundi kwa saa moja.

Kwa asiyekifahamu kifaa chenyewe: ni kisanduku chenye diski moja, mbili au zaidi, kinachounganishwa na ruta kwa waya. Watu wa kompyuta hukiita NAS. Nyumbani kwangu kinaitwa sanduku, basi. Kila simu na kompyuta ya nyumba inaweka vitu humo na kuvichukua bila kupitia intaneti, na kwa sisi tunaonunua bando kwa kuhesabu siku, hilo si jambo dogo.

Nitatumia nyumba moja kama mfano. Wenyewe wameniruhusu niisimulie bila kuwataja. Baba ni mwalimu, mama muuguzi, binti yuko chuo. Sanduku lao liko juu ya kigoda nyuma ya televisheni, limefunikwa kitambaa cha kufuma. (Kitambaa nilikiondoa. Kifaa kinapumua kwa nyuma.) Walilinunua likiwa limeshatumika, wakahamishia humo picha na hati kutoka kompyuta ya zamani. Wiki ya pili binti akaona majina ya folda zote, ila kila akigusa ile ya picha anaambiwa hana ruhusa. Baba anafungua na kusoma, lakini hawezi kuhifadhi. Mama anafungua kila kitu bila shida. Nyumba ikagawanyika.

Hoja ya kwanza: mtafute aliyekukataa kabla ya kuomba ruhusa.

Wengi wetu tunakumbuka kivuko cha mto Kilombero kabla daraja la mita 384 halijafunguliwa mwaka 2018. Mto ukijaa, kivuko kilisimama. Ungemkuta mtu amefika mbio, anagombana na mkata tiketi kana kwamba yeye ndiye aliyeyaleta maji. Hata angepewa tiketi kumi, asingevuka.

Folda nazo ni hivyo hivyo. Kama sanduku halionekani kabisa kwenye mtandao, hilo si suala la ruhusa; kagua waya, kagua ruta, angalia kama simu yako haijahamia kwenye mtandao wa jirani. Kama linakuuliza nywila tena na tena, basi halijakutambua, na ruhusa za folda bado hazijafikiwa. Kama linakuingiza kisha folda moja tu inagoma, hapo ndipo ruhusa zenyewe zinapoanza kuhusika.

Kuna hali moja ambayo sisi wa bonde hili tunapaswa kuijua kuliko watu wa Dar es Salaam. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, mfumo wa mafaili unaweza kuwa na kasoro. Kifaa kikiwaka tena na kuigundua, mara nyingi hujifunga chenyewe katika hali ya kusoma tu, ili kisizidishe uharibifu. Mtumiaji anaona hawezi kuhifadhi, anadhani amenyang'anywa ruhusa, anaanza kubadilisha ruhusa, na hata hayo mabadiliko yanakataliwa. Dalili yake ni kwamba wote wamezuiwa kuandika kwa siku moja, hata msimamizi mwenyewe. Ukiona hivyo, usiguse ruhusa. Nakili kwanza vitu vyako kwenye diski nyingine, halafu agiza ukaguzi wa diski kupitia ukurasa wa mipangilio wa kifaa. Kisha nunua UPS, yaani betri ya kukishikilia kifaa umeme ukikatika. Angalieni pia kama diski haijajaa. Nimewahi kutumia asubuhi nzima nikichunguza ruhusa za sanduku lililokuwa limejaa video za harusi.

Kwa ile nyumba yetu, mama alikuwa anaandika vizuri. Kwa hiyo kivuko kilikuwa kinafanya kazi. Tukaendelea.

Hoja ya pili, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: kifaa hakijui jina lako, kinajua namba yako.

Hapa Ifakara hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ilianza kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, iliingia mwaka 1996 kwenye kazi kubwa ya kuandikisha kaya za vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Wakusanyaji walirudi kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne. Sasa fikirini ugumu wake. Katika kijiji kimoja mna Asha wangapi? Mama huyu alikuwa akiitwa kwa jina la baba yake, ameolewa, sasa anaitwa Mama Juma. Kesho Juma akiwa mtu mzima, mama yake ataitwa Bibi. Jina halikamatiki. Ndiyo maana kila mtu alipewa namba yake ya kudumu, na kumbukumbu zake zote zikafungwa kwenye namba hiyo. Namba haiolewi.

Waliotengeneza Unix kule maabara za Bell, Marekani, kuanzia mwaka 1969, walifanya hesabu hiyo hiyo. Kompyuta ilikuwa moja, watumiaji wengi, na kila mmoja hakutaka mwenzake amfutie kazi. Kila mtumiaji akapewa namba, na kila faili likapigwa muhuri wa namba ya mwenye mali na namba ya kundi. Karibu masanduku yote tunayonunua leo yanaendeshwa na Linux, iliyofuata utaratibu huo. Jina unaloliona kwenye kioo ni tafsiri tu, inayofanywa ili macho yetu yasichoke.

Turudi kwa mwalimu. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ya Linux, na mtumiaji wa kwanza wa kompyuta ya namna hiyo kwa kawaida hupewa namba 1000. Hati zake zote zilipigwa muhuri wa 1000. Kwenye sanduku jipya akafunguliwa akaunti yenye jina lile lile, herufi kwa herufi, lakini sanduku likampa namba 1026. Yeye anasema, "Hizi ni hati zangu." Sanduku linamjibu kimoyomoyo kwamba ni za 1000, naye ni 1026, kwa hiyo ni mgeni. Mgeni kwenye hati hizo alikuwa ameruhusiwa kusoma, si kuandika. Ndicho hasa kilichokuwa kinamtokea.

Na mama? Yeye alipewa akaunti ya msimamizi na yule aliyewauzia, bila mtu kujua. Msimamizi hupita karibu kila mahali. Hakuwa na ruhusa bora. Alikuwa na funguo za nyumba nzima, na hakuwa ameambiwa.

Namna ya kuliona hili kwa macho: ingia kwenye kifaa kwa njia ya maandishi, kama kinaruhusu, kisha andika ls -ln na njia ya folda. Hiyo herufi n ya mwisho inakiamuru kisikutafsirie majina, kikupe namba tupu. Ukikuta 1000 mahali ulipotegemea 1026, umepata mgonjwa wako. Dawa ni kubadilisha mwenye mali kwa amri ya chown, au kwa kitufe cha kubadili mmiliki kwenye ukurasa wa mipangilio. Naomba mniwie radhi kwa kulisisitiza hili kama mzee: amri hiyo ikipewa ruhusa ya kushuka kwenye folda zote za ndani, isome mara mbili kabla ya kubonyeza. Nafasi moja tupu iliyokaa vibaya kwenye njia ya folda inaweza kuipeleka amri kwenye diski nzima.

Hoja ya tatu: milango ni miwili, na unaofungwa zaidi ndio unaoshinda.

Kompyuta ya Windows na sanduku la Linux hazikuzaliwa zikielewana. Aliyezipatanisha ni Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi mjini Canberra, Australia, alipoanza mwishoni mwa mwaka 1991 programu ambayo leo inaitwa Samba. Programu hiyo inakaa katikati: upande mmoja inapokea jina na nywila yako, upande wa pili inakugeuza kuwa namba. Lakini kwa sababu inakaa katikati, ina mlango wake. Kwanza Samba inauliza kama mtu huyu ameruhusiwa kutumia folda hii kupitia mtandao. Ikikubali, diski nayo inauliza upya kama namba hii ina ruhusa kwenye folda hii.

Ni kama stesheni ya TAZARA hapa kwetu. Tiketi ya daraja la kwanza haikusaidii kama geti la stesheni limefungwa, na geti likiwa wazi halikupi kiti kama huna tiketi. Watu wengi hurekebisha mlango mmoja, wanajaribu, wanakataliwa, wanarudi kuurekebisha mlango ule ule. Nimeona mtu amempa mwanawe ruhusa ya kuandika mara nne kwenye ukurasa wa mtandao, ilhali kwenye diski hajampa hata mara moja. Na kama kifaa chako kina orodha pana ya ruhusa, yenye safu ya kuruhusu na safu ya kukataza, kumbuka kwamba kwa kawaida katazo hushinda. Ukimweka binti kwenye kundi linaloruhusiwa na kwenye kundi jingine linalokatazwa, amekatazwa. Mimi binafsi situmii makatazo nyumbani. Asiyeruhusiwa namwacha tu bila kumtaja.

Ndani ya mlango wa diski kuna jambo linalowatatiza hata wasomi. Ruhusa ziko tatu: kusoma, kuandika, na ya tatu ambayo kwenye faili humaanisha kuendesha programu, ila kwenye folda humaanisha kupita. Kupita ni nini?

Nani hapa analima mpunga? Naona mikono mingi. Basi mnajua kwamba jaruba lako likiwa katikati, huwezi kulifikia bila kukanyaga tuta la jirani. Jirani hajakupa ruhusa ya kuvuna mpunga wake. Hajakupa hata ruhusa ya kuukagua. Amekupa ruhusa ya kupita. Akiziba tuta, mpunga wako ni halali yako mchana kweupe na bado huufikii.

Folda ya picha ya binti ilikuwa ndani ya folda yenye jina la baba. Folda ya picha ilikuwa imefunguliwa kwa binti kabisa, na majina aliyokuwa akiyaona yalitokana na ruhusa ya kusoma aliyopewa kwenye folda hiyo ya juu. Lakini kwenye folda hiyo ya baba hakuwa na ruhusa ya kupita. Aliweza kusimama barabarani na kuyahesabu majaruba kwa kidole, lakini kuingia, hapana. Tukampa kupita, bila kumpa kitu kingine chochote, na picha zikafunguka mbele ya macho yetu. Mama alipiga vigelegele. Mimi nikaomba maji ya kunywa.

Kwa kanuni hiyo hiyo, kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili lenyewe. Kunategemea ruhusa ya kuandika na kupita kwenye folda ambamo faili hilo limo. Unaweza kuwa na faili usiloweza kulisoma na bado ukalifuta. Mzee mmoja aliposikia hili aliniambia kompyuta haina adabu. Sikumpinga.

Hoja ya nne: mali ya nyumba iwe ya kundi.

Hata baada ya namba na njia kurekebishwa, nyumba nyingi hurudi kulalamika baada ya wiki. Malalamiko ni yale yale: mafaili ya zamani yanafanya kazi, mapya yanagoma. Mama akihifadhi hesabu za mpunga, binti anazisoma lakini hawezi kuziongezea. Sababu ni kwamba faili jipya huzaliwa na ruhusa za kawaida ya kifaa, na mara nyingi kawaida hiyo ni mwenye mali kuandika, wengine wote kusoma. Ukirekebisha ya jana, ya leo yanazaliwa na ugonjwa ule ule.

Fungueni kundi moja, liiteni familia, na kila mtu awemo. Folda ya pamoja iwe mali ya kundi hilo. Ruhusa huandikwa kwa tarakimu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kupita ni 1. Jumlisha upate 7. Folda yenye 770 inampa mwenye mali vyote, inalipa kundi vyote, na mtu wa nje hapati kitu. Mbele yake ongezeni 2, iwe 2770. Hiyo 2 inaiambia folda kwamba kila kitakachozaliwa ndani yake kiwe cha kundi la folda, si cha kundi la aliyekileta. Kisha, kwenye mipangilio ya kushiriki folda, wekeni faili jipya lizaliwe na 660. Masanduku mengi ya siku hizi yanakufanyia haya kwa vitufe chini ya neno kurithi. Kama lako ni la aina hiyo tumia vitufe, acha amri.

Na tahadhari moja ndogo. Ukihamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ile ile, mara nyingi linasafiri na ruhusa zake za zamani. Ukilinakili, linazaliwa upya na kufuata mahali pake. Kwa hiyo faili lililohamishiwa kwenye folda ya familia likagoma, jaribu kulinakili kabla ya kuita fundi.

Hoja ya tano ni fupi. Windows ina kumbukumbu ndefu. Ikikuingiza kwenye sanduku kwa jina fulani, haikubali uingie kwenye sanduku hilo hilo kwa jina la pili wakati ule ule. Unabadilisha nywila, unabadilisha ruhusa, na kompyuta inaendelea kubisha hodi kwa jina la jana. Futa nywila zilizohifadhiwa, kata miunganisho ya mtandao, washa upya, ndipo ujaribu. Na kwa wanaopenda kuingia kama mgeni bila nywila: Microsoft ilianza mwaka 2017 kuwazuia wageni wa namna hiyo kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 10, na matoleo ya karibuni yamekaza zaidi. Msipambane na zuio hilo. Mpeni kila mtu akaunti.

Hoja ya sita, nayo nitaisema nikijishtaki mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilichoka. Usiku, folda ya tano inakataa, nikaandika amri ambayo kila fundi mchovu anaijua: chmod 777, kwa folda zote na vilivyomo. Maana yake, kila mtu afanye anachotaka. Folda zikafunguka zote. Nikalala. Asubuhi, njia yangu ya kuingia kwenye kifaa kwa ufunguo wa kidijitali ilikuwa imekataa, kwa sababu programu ya ufunguo huo haikubali funguo zinazokaa kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuiandikia, na ina haki. Orodha ya ruhusa niliyoipanga kwa mwezi mzima ilikuwa imefutika. Na simu za wapangaji wangu wawili, waliokuwa wakitumia ruta yangu kwa makubaliano yetu, sasa zilikuwa zinaona hati zangu za mshahara. Walikuwa waungwana. Mmoja aliniambia tu, "Kaka, sanduku lako liko wazi."

Hizo zilikuwa hati zangu. Lakini ninyi wauguzi mnapochukua kazi nyumbani, na walimu mnapobeba taarifa za watoto wa watu, mali iliyo kwenye sanduku si yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imezihesabu kuwa nyeti. Mgonjwa wa kijiji cha Lupiro hakukubali kusomwa na mpangaji wako. Heri msizipeleke nyumbani kabisa. Zikilazimika kuwapo, ziwe kwenye folda ya mtu mmoja, yenye 700, na zisikae zaidi ya kazi inavyohitaji. Kwingineko duniani mambo yamekuwa makubwa zaidi: Januari 2022 wahalifu wa programu iitwayo Deadbolt waliyafunga maelfu ya masanduku ya kampuni ya QNAP yaliyokuwa yanafikiwa kutoka intaneti, wakadai fidia. Mlango ulioufungua ili kumsaidia binti hauchagui anayepita.

Kwa nyumba ile tulimaliza hivi. Mama alinyang'anywa usimamizi, kwa ridhaa yake, akapewa akaunti ya kawaida. Akaunti ya usimamizi ikaandikiwa nywila mpya kwenye daftari lililofungiwa kabatini. Mwalimu akawa 1026 kwenye hati zake zote. Binti akapita. Kazi yenyewe ilichukua dakika ishirini. Kuitafuta sababu kulichukua alasiri nzima, na chai mara mbili.

Ndugu Mwenyekiti, mbele yetu naona mambo mawili yanayowezekana hapa mjini bila kusubiri mtu. Kwanza, kila nyumba yenye sanduku iwe na daftari: akaunti zilizopo, namba zake, makundi, na folda ipi ni ya nani. Ukurasa mmoja unatosha, na siku kifaa kitakapokufa, daftari hilo litakuokolea wiki nzima. Pili, shule na vituo vyetu vinavyoanza kununua vifaa hivi viyapange makundi kabla ya kuweka faili la kwanza, kwa sababu kupanga folda tupu ni kazi ya asubuhi moja.

Nimekubaliana na wenyeji wetu kwamba Jumamosi ijayo nitakaa hapa hapa ukumbini kuanzia saa tatu asubuhi, tushike vifaa kwa mikono. Anayekuja alete sanduku lake, waya wake wa umeme, na diski ya pili yenye nakala ya kila kilichomo. Asiye na nakala aje pia. Tutaanza kwa kuitengeneza, na kabla haijakamilika sitagusa ruhusa hata moja.